Mtoto wa fundi aliyewapa wasioona kalamu

Wiki hii naomba tuweke kando presha, kisukari na malaria. Nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 170 iliyopita, ambaye jina lake huenda umelisikia shuleni bila kujua lilitoka wapi. Kama nyumbani kwako kuna mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu, au kama wewe mwenyewe umeambiwa na daktari kwamba macho yako hayatarudi kama zamani, tafadhali soma mpaka mwisho. Na kama watoto wako wote wanaona vizuri, soma pia, kwa sababu mtoto ninayemzungumzia naye alizaliwa akiona vizuri kabisa.

Jina lake ni Louis Braille. Alizaliwa Januari 4, 1809 huko Coupvray, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 40 mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alitengeneza hatamu, mikanda na viti vya ngozi. Enzi hizo farasi ndiye aliyekuwa gari na ndiye aliyekuwa trekta, hivyo fundi wa namna hiyo hakukosa wateja. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne.

Ajali ya dakika moja

Kama umewahi kukaa kwa fundi viatu, unazijua zana zake: visu, nyundo, na kile chombo chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Karakana ya Simon-René ilijaa vitu kama hivyo, na ilikuwa palepale nyumbani. Mtoto alikua akimwona baba yake akivitumia kila siku, na kama watoto wote, alitaka kumuiga.

Mwaka 1812, Louis akiwa na miaka mitatu, aliingia karakanani, akachukua chombo cha ncha kali na kujaribu kukifanyia kazi ngozi kama alivyomwona baba akifanya. Ngozi ya matandiko ni ngumu na huteleza. Chombo kikamponyoka na kumchoma jicho moja.

Jicho lile likapata maambukizi. Hapakuwa na antibayotiki wakati huo, wala dunia ilikuwa haijajua kwamba vijidudu ndivyo vinavyofanya vidonda vioze. Wazazi walimtibu kwa walichokuwa nacho. Kisha jicho la pili, ambalo halikuguswa na kitu chochote, nalo likaanza kupoteza nuru. Alipofikisha miaka mitano, Louis alikuwa haoni kabisa.

Hapa nisimame kidogo, maana mzazi makini atauliza: jicho la pili liliharibikaje? Leo madaktari wanajua njia mbili zinazoweza kuleta balaa la namna hii. Ya kwanza ni maambukizi kuenea, hasa mtoto anapopikicha macho yote kwa mikono ileile. Ya pili inashangaza zaidi. Jicho linapotobolewa, sehemu zake za ndani, ambazo kwa kawaida kinga ya mwili haizioni, huwa wazi. Kinga inaweza kuzidhania kuwa ni adui, na ikishajifunza kuzishambulia, inalivamia hata jicho zima. Hali hii hutokea mara chache, lakini inaweza kuja wiki au miezi kadhaa baada ya ajali, wakati kila mtu ameshasahau. Ikigundulika mapema kuna dawa za kuituliza. Ndiyo maana daktari wa macho humwambia mgonjwa wa jicho lililotobolewa arudi kliniki hata kama anajisikia amepona.

Wazazi ambao hawakumficha

Sasa fikiria hali ya wazazi wale. Wana mtoto wa miaka mitano, amekuwa kipofu kutokana na zana za kazi ya baba yake mwenyewe. Katika Ufaransa ya wakati ule, mtoto wa maskini aliyepofuka mara nyingi aliishia kuombaomba barabarani. Wangeweza kumfungia ndani kwa aibu, au kumbeba kama yai mpaka uzeeni. Hawakufanya hivyo.

Baba alimchongea fimbo, na Louis akajifunza kupita njia za kijiji kwa fimbo, kwa masikio na kwa kumbukumbu. Alipewa kazi ndogondogo za nyumbani kama watoto wengine. Inasimuliwa pia kwamba baba yake alipigilia misumari kwenye ubao kwa umbo la herufi, ili mtoto azipapase kwa vidole na kuzijua.

Mwaka 1815 alikuja padri mpya Coupvray, jina lake Jacques Palluy. Aliiona akili ya mtoto yule akaanza kumfundisha mwenyewe. Baadaye alimwomba mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, ampokee darasani pamoja na watoto wanaoona. Mwalimu akakubali. Louis alishika masomo kwa kusikiliza tu, na akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Ila wenzake walipofungua vitabu, yeye alibaki mikono mitupu. Aliweza kukumbuka alichoambiwa, lakini hakuweza kusoma wala kuandika lolote peke yake.

Padri, mwalimu na bwana mmoja mwenye hadhi wa pale Coupvray, marquis d'Orvilliers, wakasaidiana kumtafutia nafasi ya ufadhili katika shule ya watoto wasioona iliyokuwa Paris. Februari 15, 1819, akiwa na miaka 10, Louis aliondoka nyumbani na kuanza maisha ya bweni.

Shule yenye vitabu vichache

Shule ile ilianzishwa katika miaka ya 1780 na Valentin Haüy, mtu aliyekuwa akiona, ambaye aliamini kwamba wasioona wanaweza kusoma kama watu wengine. Imani hiyo peke yake ilikuwa jambo kubwa. Njia yake ilikuwa kuchapa herufi za kawaida kwa kuzikandamiza kwenye karatasi nene mpaka zikatokeza, ili msomaji azifuate kwa vidole.

Njia hiyo ilifanya kazi, lakini kwa taabu. Herufi zilipaswa kuwa kubwa, hivyo kitabu kimoja kilikuwa kizito mno. Kidole kilipaswa kuzunguka umbo lote la herufi kabla ya kuitambua, na msomaji alipofika mwisho wa sentensi ndefu alikuwa karibu ameshasahau mwanzo wake. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kuhesabu. Zaidi ya yote, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Aliweza kusoma kwa shida kile alichochapiwa na wengine, lakini hakuweza kujiandikia barua, hesabu wala kumbukumbu ya somo.

Jengo la shule lilikuwa kuukuu, lenye unyevu na hewa nzito. Mwaka 1838 mshairi na mbunge Alphonse de Lamartine alilisemea bungeni akitaka watoto wale wajengewe shule nyingine. Kumbuka habari ya jengo hili, maana tutairudia.

Nukta 12 zikawa sita

Mwaka 1821 shule ililetewa njia mpya ya maandishi. Mbunifu wake alikuwa Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa mizinga jeshini. Badala ya herufi alitumia nukta zilizotokeza kwenye karatasi, zikiandikwa kwa kibao na kalamu ya ncha kali. Wanafunzi waligundua jambo moja mara moja: kidole huitambua nukta haraka kuliko kinavyotambua mstari uliopinda.

Lakini njia ya Barbier ilikuwa na kasoro. Fungu moja liliweza kuwa na nukta hadi 12, sita kwenda chini katika safu mbili, urefu ambao ncha ya kidole haiwezi kuufunika kwa mguso mmoja. Tena iliandika sauti za maneno, si tahajia, hivyo mwanafunzi asingeweza kujifunza kuandika Kifaransa sawasawa. Haikuwa na alama za uandishi, wala tarakimu, wala noti za muziki.

Louis alikuwa na miaka 12. Alianza kuirekebisha usiku baada ya masomo, na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi kubwa ilikuwa imekamilika. Alipunguza nukta 12 zikawa sita, fungu linalotosha chini ya ncha ya kidole kimoja, na akalipa kila fungu kazi ya kuwakilisha herufi.

Ukitaka kuielewa njia yake, chukua trei ya mayai ukate kipande chenye mashimo sita, mawili kwa upana na matatu kwa urefu. Weka yai moja kwenye shimo la juu kushoto. Hiyo ni a. Ongeza yai la pili chini yake, katika shimo la katikati kushoto. Hiyo ni b. Ukipanga vipande vinne, yaani mayai mawili, yai moja, mayai mawili, yai moja, umeandika neno baba. Herufi 10 za mwanzo hutumia mashimo manne ya juu tu. Kumi zinazofuata ni zilezile, zikiongezewa yai la chini kushoto. Hivyo mtoto hajifunzi maumbo yote upya. Mashimo sita yanatoa mpangilio tofauti 63, unaotosha herufi, alama za uandishi, tarakimu na hata muziki.

Kuna jambo dogo linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Herufi w haifuati mpangilio huo, kwa sababu Kifaransa cha wakati wake hakikuihitaji. Iliongezwa baadaye. Leo mtoto wetu hawezi kuandika mwalimu wala mwezi bila hiyo, naye huiandika kwa nukta zilezile sita.

Kwa Kiswahili maandishi haya tunayaita nukta nundu, au breli kwa jina la mwenyewe. Kalamu inayoyaandika ni chuma kifupi chenye ncha, kinachofanana sana na zana ya kutobolea ngozi. Mtoto aliyeumizwa na chombo cha namna hiyo alikuja kukitumia kuandikia.

Mwalimu, mpiga kinanda, mgonjwa

Mwaka 1829, akiwa na miaka 20, Louis alitoa kitabu cha kuieleza njia yake, cha maneno na cha muziki. Mwaka 1837 alikitoa tena kikiwa kimeboreshwa. Wakati huo alikuwa ameshaanza kufundisha palepale alipokuwa mwanafunzi, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Alikuwa pia mwanamuziki hodari. Kwa miaka mingi alipiga kinanda kikubwa katika makanisa ya Paris, kazi iliyompa kipato chake mwenyewe. Baba yake alifariki mwaka 1831, na bila shaka alimwacha mwanawe akiwa mtu anayejitegemea.

Mwaka 1835, akiwa na miaka 26, dalili kubwa za kifua kikuu zilijitokeza. Wengi wanaamini aliupata ugonjwa huo katika lile jengo la shule. Wewe unayesoma ukurasa huu kila wiki unajua kwa nini: TB huenezwa kwa hewa, na chumba chenye watu wengi, kisichopitisha hewa wala mwanga, ndiyo nyumba yake. Lakini wakati wa Louis hakuna aliyejua hivyo. Bakteria wa TB walitangazwa na Robert Koch mwaka 1882, na dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi yao, streptomaisini, ikagunduliwa mwaka 1943. Yeye aliishi na ugonjwa huo miaka zaidi ya 16, akifundisha anapopata nguvu na kurudi Coupvray kupumzika anapozidiwa. Leo TB ya kawaida hupona kwa dawa za miezi sita, na katika vituo vya serikali zinatolewa bure. Mwenye kikohozi cha wiki mbili asiseme ni vumbi.

Waliokataa walikuwa wanaona

Unaweza kudhani shule ilifurahi sana kupata uvumbuzi huu. Mkuu wa shule wa wakati ule, Alexandre-René Pignier, alimpa moyo Louis, lakini njia ya nukta haikupewa kibali rasmi. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Pierre-Armand Dufau, ambaye alizipiga marufuku nukta darasani.

Sababu yao haikuwa chuki. Walioamua walikuwa watu wanaoona, na kwa macho yao nukta hazikufanana na maandishi. Walihofia kwamba mtoto akisoma maandishi ambayo mwalimu na wazazi hawayajui, atatengwa na jamii. Hoja hiyo inasikika kuwa nzuri mpaka umuulize msomaji mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuamua. Waliendelea kuandikiana nukta kwa siri na kufundishana.

Louis hakupuuza hofu ile. Mwaka 1839 alitoa njia nyingine ya kuandika herufi za kawaida kwa kuzipanga nukta zifuate umbo la herufi, ili asiyeona aweze kumwandikia mtu anayeona barua inayosomeka bila msaada. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, akatengeneza mashine ya kuandikia kwa njia hiyo mwaka 1841. Fikiria maana yake kwa mtoto wa bweni: kumwandikia mama barua ya siri zake bila kumtamkia mwalimu kila neno.

Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliwatazama wanafunzi wakitumia nukta akaona wazi faida yake. Alimshawishi mkuu wake abadili msimamo, na Dufau akabadilika. Mwaka 1843 shule ilihamia jengo jipya, na Februari 22, 1844, siku ya kulizindua, njia ya Louis ilielezwa na kuonyeshwa mbele ya wageni. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu kijana wa miaka 15 aikamilishe.

Afya yake haikumpa muda wa kufaidi. Desemba 1851 alianza kutoka damu nyingi kifuani. Alifariki Januari 6, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa kwao Coupvray. Waliomjua walimkumbuka kama mtu mpole, aliyewakopesha wanafunzi fedha, na inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwasamehe madeni yao.

Mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake, nukta nundu zilikubaliwa rasmi shuleni kwake. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliziunga mkono. Mwaka 1952, miaka 100 tangu afariki, Ufaransa ilihamishia mwili wake Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu wakuu wa taifa. Kwa heshima ya kijiji chake, mifupa ya mikono yake ilibaki Coupvray. Na Januari 4, siku aliyozaliwa, inaadhimishwa na Umoja wa Mataifa kuwa Siku ya Breli Duniani tangu mwaka 2019.

Kutoka Coupvray mpaka kwako

Nukta hizo zilifika kwetu pia. Shule ya wasioona ya Thika, Kenya, ilianza mwaka 1946, na ile ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Tangu hapo wametoka walimu, wanasheria na wahadhiri waliosoma kwa vidole.

Hata hivyo, tatizo la vitabu vichache alilolikuta Louis halijaisha. Vitabu vingi vinavyochapwa duniani havitolewi kwa nukta nundu, kwa maandishi makubwa wala kwa sauti. Mwaka 2013 nchi mbalimbali zilipitisha Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo hiyo na kupelekwa nchi nyingine bila kuzuiwa na hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Mkataba huo hauwahusu wasioona peke yao. Unamhusu pia mwenye uoni hafifu, mtoto ambaye ubongo wake unashindwa kuunganisha herufi ingawa macho ni mazima, na mgonjwa asiyeweza kushika kitabu kwa mikono.

Wengine huuliza kama breli bado ina kazi wakati simu zinasoma maandishi kwa sauti. Zote zinahitajika. Sauti inasaidia sana kusoma kingi kwa haraka. Lakini mtoto anayesikiliza tu haoni neno limeandikwaje, na hesabu au muziki ni vigumu kuvishika kwa masikio peke yake. Anayeona hatumnyang'anyi daftari kwa sababu ana redio.

Ufanye nini

Kwanza, linda macho. Weka mbali na watoto sindano, visu, nyaya, misumari na zana za fundi. Jicho likichomwa, usilipikiche, usilikandamize, wala usichomoe kitu kilichonasa ndani. Lifunike kwa kitu kigumu kisicholigusa, kwa mfano kikombe safi cha plastiki, na umfikishe mtoto hospitali siku hiyohiyo. Likimwagikiwa na dawa au chokaa, lioshe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 mpaka 20, ndipo uende hospitali. Usitie maziwa ya mama, majani, mkojo wala dawa ya matone aliyoandikiwa mtu mwingine. Baada ya matibabu, jicho jingine likiwa jekundu, likiumia kwenye mwanga au likiona ukungu, rudi haraka hata kama miezi imepita.

Pili, usingoje. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, makengeza, au mtoto wa miezi mitatu hafuati uso wako, mpeleke kwa daktari wa macho. Hakikisha amepata chanjo ya surua na matone ya vitamini A. Mambo haya mawili yanaokoa macho ya watoto wengi.

Tatu, daktari akikuambia kwamba nuru haitarudi, usiondoke bila kuuliza maswali mawili. Je, kuna uoni uliobaki ambao miwani, lenzi au maandishi makubwa yanaweza kuusaidia? Na je, mtoto huyu aanze shule wapi? Swali la pili lipeleke pia kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Usisubiri mtoto afike miaka 10. Nyumbani mpe vitu avipapase, mtume kuchota na kupanga, mfundishe njia ya kwenda kwa jirani, na mwache acheze na wenzake.

Najua wapo wazazi wanaozunguka miaka mingi kutoka kwa mganga mmoja kwenda kwa mwingine, wakiuza shamba na ng'ombe kutafuta nuru isiyopatikana, huku umri wa kwenda shule unampita mtoto. Siwalaumu, maana nani hataki mwanawe aone? Lakini angalia walichofanya fundi wa Coupvray na mkewe. Hawakuweza kumrudishia mtoto macho, na hawakuwa matajiri. Walichonga fimbo, wakakubali msaada wa padri na mwalimu, na wakamruhusu kitinda mimba wao aende mbali kusoma.

Kama una mtoto wa namna hiyo nyumbani, wiki hii nenda ukamuulizie nafasi ya shule. Tukutane wiki ijayo.